GARI LENYE SOKO NI SOKO LA NANI? Nasaha kwa anayenunua gari huku akiwaza kuliuza

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, mlioko hapa Bomang'ombe, Moshi na Arusha, na nyinyi mlioko mbali mnaofuatilia darsa zetu kwa simu. Leo nazungumzia gari. Na asiseme mtu kwamba shehe ameacha dini ameingia kwenye magari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an imo Suratul Baqarah, na aya ile inazungumzia deni, maandishi na mashahidi. Haikuzungumzia swala wala saumu. Dini yetu inaingia sokoni, tena inaingia ikiwa na macho wazi.

Tunakaribia tena ule msimu wa watu kupanda mlimani. Kuanzia katikati ya Desemba barabara kuu ya hapa Bomang'ombe inajaa gari kutoka Dar es Salaam, zinakata kwenda Machame, Masama, Sanya Juu. Na kila msimu huo ukipita, vijana na wazee wetu wanabaki na ugonjwa. Januari wanaanza: "Shehe, nataka gari ya juu kidogo, RAV4 au Vanguard, unashauri nini?" Ukimuuliza kwa nini hiyo, jibu ni moja tu, kama limekaririwa madrasa: "Hiyo ina soko. Hata ukiitumia miaka mitano, ukitaka kuuza inauzika."

Neno hili ndilo ninalolipinga leo. Nalipinga kwa hesabu, na nalipinga kwa dini.

1. UNANUNUA CHOMBO AU UNANUNUA SIFA?

Ndugu yangu, gari "lenye soko" maana yake ni gari ambalo kila mtu analitaka. Na kitu kinachotakwa na kila mtu, wewe pia utakinunua kwa bei ya kutakwa na kila mtu. Ile faida unayoihesabia siku ya kuuza umekwisha kuilipa siku ya kununua. Hakuna aliyekupa zawadi. Umeweka fedha yako ndani ya bati ukaiendesha juani na kwenye matope, ukitumaini siku moja mtu atakurudishia.

Tuchukue mfano. Namba hizi nimeziweka ili tuelewane tu, kila mmoja ataweka za kwake. Gari la kwanza ni la sifa, injini ya lita 2.4. Unalinunua kwa milioni 24, baada ya miaka mitano unaliuza milioni 18. Umepoteza milioni 6. Gari la pili halina jina kubwa, injini ya lita 1.5. Unalinunua kwa milioni 16, baada ya miaka mitano unaliuza milioni 9. Umepoteza milioni 7. Dalali atakupigia makofi: "Umeona? La kwanza limeshinda kwa milioni moja!"

Subiri. Anayekaa Bomang'ombe na kufanya kazi Moshi mjini, kwenda na kurudi siku za kazi tu, anatembea kama kilometa 1,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitano ni kilometa 60,000. Gari la kwanza likienda kilometa 8 kwa lita, linakunywa lita 7,500. La pili likienda kilometa 12 kwa lita, linakunywa lita 5,000. Tofauti ni lita 2,500. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni milioni saba na nusu. Ile milioni moja uliyoshangilia imekwenda wapi? Imemezwa, na nyingine sita na nusu zimeifuata. Tena hapo sijagusa ile milioni 8 ya ziada uliyoitoa siku ya kwanza. Milioni 8 ni ng'ombe wangapi? Ni ada ya mtoto kwa miaka mingapi?

Petroli haikusubiri siku ya kuuza. Inakudai kila wiki. EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wewe huna kauli hapo. Bei ya kuuza gari ni matumaini. Bei ya petroli ni uhakika. Mwenye akili anaanza hesabu na cha uhakika.

2. HERUFI KWENYE KIBAO CHA NAMBA

Kuna jambo la kuchekesha katika soko letu, na laiti lisingekuwa linakausha mifuko ya watu. Mtu anauliza gari: "Namba gani hiyo?" Akiambiwa namba E, uso unang'aa. Akiambiwa namba C, anageuka. Ndugu zangu, herufi ile inaeleza gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Haielezi liliundwa lini, wala limetembea kiasi gani. Gari lililoundwa Japan mwaka 2005 likiingia nchini jana litapewa namba mpya, na bado ni gari la mwaka 2005. Pembeni yake lipo la namba C lililotunzwa na mwalimu mmoja aliyelifanyia sevisi kwa wakati, nalo linadharauliwa kwa herufi. Watu wanalipa mamilioni kwa herufi moja ya alfabeti, kisha wanasema hawana fedha ya kubadilisha tairi.

Na anayeagiza kutoka nje ajue hesabu ya ushuru kabla hajatuma dola. Kwa viwango tulivyovizoea miaka hii, TRA wanaanza na thamani iliyomo kwenye mfumo wao, hata kama risiti yako inasema vingine. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Kisha ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: ikizidi cc 1,000 mpaka 2,000 ni asilimia 5, ikizidi 2,000 ni asilimia 10. Kisha adhabu ya uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, likizidi miaka 10 asilimia 30. Juu ya yote hayo inakaa VAT asilimia 18. Ushuru unapanda juu ya mgongo wa ushuru. Gari lenye thamani ya milioni 10 hadi bandarini, likiwa na zaidi ya miaka 10 na injini ya lita 2.0, linafika karibu milioni 20 kabla ya tozo ndogondogo. Likiwa na injini ya 2.4, ongeza zaidi ya laki saba. Kwa hiyo anayekuambia "injini kubwa kidogo haina neno" muulize nani analipa hilo neno.

3. SOKO LINALOSIMAMA JUU YA UONGO

Sasa tuje kwenye dini, na hapa ndipo penye moto.

Hiyo "thamani ya kuuza" mnayoisifu inalindwaje? Mara nyingi inalindwa na udanganyifu. Kilometa zinarudishwa nyuma kwenye dashibodi, gari la laki mbili linasoma elfu themanini. Injini inayokula oili inajazwa oili nzito ili isitoe moshi wakati mteja anajaribu. Taa ya injini inafutwa asubuhi, inarudi jioni mteja akiwa amefika Boma na kadi mkononi. Gari lililogongwa linapakwa rangi linaitwa "halijaguswa".

Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu watu wauone, kisha akaeleza kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Tazama: yule bwana hakuloweka nafaka yake, ni mvua. Kosa lake lilikuwa kuificha tu. Basi itakuwaje kwa anayeiloweka kwa mkono wake mwenyewe, akarudisha kilometa kwa kompyuta?

Na kuna lililo karibu zaidi na wafugaji wetu. Mtume alikataza kumfunga mnyama maziwa, asikamuliwe siku kadhaa, ili mnunuzi akimwona chuchu zimejaa adhani kila siku yuko hivyo. Akampa mnunuzi haki ya kumrudisha ndani ya siku tatu. Kurudisha kilometa ni kumfunga ng'ombe maziwa. Ng'ombe amebadilika akawa na matairi manne, dhambi haijabadilika.

Dalali anayekupigia simu "fanya haraka, kuna mteja mwingine anakuja saa kumi", na mteja huyo hayupo, huyo ameingia katika najash, kupandisha bei kwa mnunuzi wa uongo. Imekatazwa. Na dalali anayeambiwa na mwenye gari milioni 14, anakuambia wewe 16, anameza mbili kimyakimya, ile "cha juu" ni khiyana ya amana. Kama mwenye gari amemwambia wazi, "kinachozidi 14 ni chako", hapo wapo wanazuoni walioruhusu, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas. Lakini gizani? Hapana.

Linganisheni na Jarir bin Abdillah, sahaba. Imepokewa kwamba alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Alipomwona akamwambia muuzaji kwamba farasi wako anafaa zaidi ya hiyo, akawa anampandishia mwenyewe mpaka 800. Alisema alimpa Mtume ahadi ya kumtakia heri kila Muislamu. Huyo ni mnunuzi! Leo muuzaji Muislamu anamficha mnunuzi Muislamu gia boksi iliyokufa, kisha Ijumaa wanapangana safu moja.

Ndiyo maana nasema: ukinunua gari leo kwa nia ya "litakuwa bado linauzika hata likichoka", jiulize umeshamwandalia nani uchovu huo. Kuna ndugu yako mmoja, jina lake hulijui bado, unayepanga kumkabidhi.

4. "GARI NI UWEKEZAJI", NA KADI NI REHANI

Wanasema gari ni uwekezaji. Sawa. Bidhaa ya biashara ina zaka: ukiinunua kwa nia ya kuiuza, ikafika nisabu na mwaka ukapita, unaithamini kwa bei ya soko unatoa asilimia mbili na nusu. Wenye RAV4 za uwekezaji mbona siwaoni wakija na zaka? Watasema, "Shehe, hilo la kutumia, halina zaka." Kweli, halina. Basi ni chombo cha kutumia kama sufuria na jembe, na tukilichagua tulichague kama chombo. Usiwe mfanyabiashara mbele ya wenzako na mtumiaji mbele ya zaka.

Na baya kuliko yote: "Gari yenye soko, hata ukikwama unaweka kadi, unapata mkopo." Wallahi hapo ndipo mtego ulipo. Kadi inakaa kwa mkopeshaji, kifaa cha kufuatilia gari kinafungwa chini ya dashibodi, na riba inahesabiwa mwezi kwa mwezi. Ile thamani uliyoilinda kwa miaka inakuwa kamba ya kukufungia. Allah katika Suratul Baqarah amewatangazia vita wasioacha riba. Nani anataka kuingia vitani na Mola wake kwa sababu ya Vanguard? Anayehitaji kununua kwa awamu atafute njia ya halali: Amana Bank wapo tangu 2011, na benki nyingine zina madirisha ya Kiislamu. Masharti ni kwamba benki inunue gari kwanza, limiliki, kisha ikuuzie kwa faida inayojulikana isiyoongezeka ukichelewa. Uliza, soma mkataba, usikubali jina la Kiarabu peke yake.

5. MNAONIPINGA, NIMEWASIKIA

Mtasema: "Shehe, lakini Toyota spea ziko kila kona." Hili nakubali, tena lina uzito. Spea inayopatikana Moshi leo ni bora kuliko inayosubiriwa kutoka Kariakoo wiki nzima huku gari likiwa juu ya mawe. Lakini hilo ni gharama ya kuendesha, siyo bei ya kuuza! Mmenisaidia hoja yangu. Tena hata Toyota si moja. RAV4 yenye injini ya 1AZ iliyoandikwa D-4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hujaza masizi kwenye njia ya hewa, na pampu yake ya presha si ya bei ya mchezo. Baadhi ya injini za 2AZ, zile za 2.4 zilizomo kwenye RAV4 iliyofuata na Vanguard, zimejulikana kwa kula oili. Jina halifanyi sevisi.

Mtasema: "X-Trail haiuziki." Ndiyo maana inanunuliwa kwa nafuu! Ile ya zamani, T30, yenye injini ya 2.0, ina gia boksi ya kawaida. Ni T31 ya petroli iliyokuja na CVT inayotaka mafuta yake maalumu na fundi anayeijua. Watu wamechanganya zote wakazitia kwenye kapu moja. Anayenunua ili atumie miaka kumi hana haja ya kuogopa neno "haiuziki". Lakini awe amempata fundi kabla ya kulipa, siyo baada.

Mtasema: "Forester ni imara." Imara, naam. Ila zenye injini ya EJ zina mkanda wa taiming wa kubadilishwa kwa wakati, na gari lile linaendesha magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo tairi zinatakiwa zilingane. Ukizoea kununua tairi moja moja ya mtumba, utaua mfumo wake. Escudo nayo inapanda mlima vizuri, lakini petroli yake uipangie.

Mtasema: "Huku kwetu mlimani lazima nne kwa nne." Nani? Anayekaa Boma na kwenda Moshi anapita lami. Anayehitaji ni yule wa njia za udongo huko juu wakati wa masika, Machi mpaka Mei. Wengi mnahitaji gari lililoinuka kidogo tu na tairi zenye meno. Rush au Terios ya 1.5 inawatosha. Lakini hizo hazitishi mtu Desemba, sivyo? Hapo tuambiane ukweli: tatizo halikuwa barabara, tatizo ni majirani. Na Allah katika Suratul Israa ametuambia wafujaji ni ndugu wa mashetani. Tusilivishe jina la "thamani ya kuuza" lile ambalo ni kujionyesha.

6. BASI TUFANYEJE?

Kwa ufupi, ndugu yangu:

- Andika kwanza safari zako za mwezi, kisha chagua injini. Usianze na gari ukatafuta safari.
- Jumlisha petroli, oili, tairi, bima na spea kwa miaka mitano. Bima kubwa inakwenda kwa thamani ya gari, kwa hiyo gari la bei linakudai kila mwaka. Bei ya kuuza iweke mwisho wa hesabu, tena uikate.
- Usitumie fedha yote kununua. Bakiza ya kubadilisha oili, mkanda, bushi na breki mwezi wa kwanza.
- Peleka fundi wako, si fundi wa dalali. Injini iwashwe ikiwa baridi. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, na hakikisha jina lililo kwenye kadi ni la anayekuuzia.
- Weka sharti la khiyari kwa maandishi: siku tatu za kujaribu, likionekana na aibu iliyofichwa linarudi. Sahaba mmoja aliyekuwa akipunjwa sokoni, Mtume alimfundisha aseme hakuna kuhadaana, na akapewa khiyari ya siku tatu. Hiyo ni sheria yetu, tumeiacha kabatini. Muuzaji anayeikataa kwa hasira amekujibu swali ambalo hukuuliza.
- Siku ya kuuza, sema aibu zote kwa kinywa chako. Wauzaji na wanunuzi wakisema kweli na kubainisha, Allah huweka baraka katika biashara yao. Wakificha na kudanganya, baraka hufutwa. Utauza kwa milioni moja pungufu, utalala.

Na wewe dalali Muislamu unayesoma hapa, sikuchukii. Kazi yako ni halali na watoto wako wanakula kwayo. Kuwa dalali mmoja tu wa Bomang'ombe ambaye akisema "gari hili lina kilometa laki mbili" watu wanajua ni laki mbili. Utashangaa simu zitakavyolia.

Ewe Mola wetu, tutosheleze na halali Yako tusihitaji haramu Yako. Tuepushe na riba, ghishi na kujionyesha. Wabariki wanaouza kwa ukweli na wanaonunua kwa kiasi, na uwalinde wasafiri wetu wote njiani. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.

Mtumie ndugu yako anayetafuta gari kabla hajalipa, si baada.